Nyasi za Banda la Kuku

Kuku anayezidiwa na joto hapigi kelele. Asiyefuga hudhani atalia, kama anavyolia akimwona kicheche. Halii. Hufungua mdomo, akaachanisha mabawa na ubavu kama mtu aliyevaa nguo isiyo yake, akaanza kuhema kwa koo. Ukimkuta hivyo una muda, lakini si mwingi. Akishalaza shingo chini, mchinje kama bado unamuwahi, umshukuru Mungu kwa nyama. Usipomuwahi, huna hata nyama.

Haya nayajua vizuri. Nimefundisha wanawake wengi kufuga, na wote huniuliza nilisomea wapi. Huwa nawajibu kwamba nilisomea Kihonda. Sijawahi kuwaambia zaidi ya hapo.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo pale Kihonda. Alishuka na treni kutoka Kigoma akiwa kijana, akapata kazi, akapata msikiti, akanipata mimi. Mimi ni Mluguru wa juu milimani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akanisomesha pamoja na wavulana wakati ambapo mabinti wengine waliishia kujua sura za kuswalia tu. Elimu ile nilishuka nayo mjini, na kwa miaka mingi nilikuwa nawasomesha wanawake wa mtaa wetu barazani kwangu. Nilikuwa na heshima yangu. Mume wangu naye alikuwa na yake, ile ya mtu anayetoka kazini na mafuta ya mashine mikononi.

Kisha serikali ikaachia biashara. Mitumba ikashuka sokoni kwa marobota, vitenge vya nje vikajaa madukani, na kiwanda chetu kikaanza kufanya kazi siku tatu kwa wiki, halafu mbili, halafu wafanyakazi wakaitwa uwanjani wakaambiwa wamepunguzwa. Ndilo neno walilotumia. Mume wangu alirudi nyumbani saa tano asubuhi na chupa yake ya chai ikiwa bado imejaa, akakaa kitandani na viatu.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu Uluguru ardhi hufuata mama. Watoto ni wa lukolo, ukoo wa mama, na msemaji wao mkubwa ni mjomba. Mwanamume akioa na kwenda kuishi upande wa mke, hulima shamba ambalo wakwe na mashemeji ndio wenye kauli. Wanaume wa kwetu wamekulia humo, hawaoni tabu. Mume wangu alitoka kwa watu ambao ardhi ni ya baba na neno ni la baba. Siku ile ile aliyopunguzwa aliniambia, bila hasira, kwamba mlimani hatapanda. Alisema anampenda shemeji yake lakini hawezi kuoneshwa na shemeji yake mahali pa kulima. Akasema tutafuga kuku wa mayai kwa kiinua mgongo chake. Wakifika kutaga, tunabaki Kihonda, wote pamoja, watoto wanaendelea na shule. Wasipofika, mimi nichukue watoto nipande kwetu, yeye atajua pa kwenda.

Kwa hiyo kuku wale mia moja na ishirini hawakuwa kuku kwangu. Walikuwa ndoa yangu.

Wakati huo kila aliyepunguzwa alikuwa anajenga banda. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye duka la dawa za mifugo na vyakula, ndiye aliyekuwa akiagiza vifaranga kutoka Dar es Salaam, na kabla ya kukuuzia alikufundisha. Aliwakusanya wanaume mbele ya duka lake, akawaambia banda la kisasa ni la bati na waya, sakafu ya saruji. Akawaambia nyasi ni nyumba ya utitiri, na utitiri humnyonya kuku mpaka akakauka. Hilo la utitiri ni kweli, sitamsingizia. Lakini yeye duka lake lilikuwa na dari na feni.

Mume wangu akajenga. Bati hazikutosha, akashusha paa ili zitoshe. Mtu mzima ilibidi ainame kuingia. Vifaranga vilikuja mwezi wa tisa kwenye maboksi yenye matundu, tukavilea kwa jiko la mkaa, na havikutusumbua. Hadi mwezi wa kumi na mbili walikuwa mitetea weupe, wazuri, upanga wa kichwani ukianza kuwa mwekundu. Mume wangu alikuwa akivuta kigoda jioni anakaa kuwatazama. Sikuwa nimemwona ametulia hivyo tangu kiwandani.

Mvua za vuli mwaka ule hazikuja. Kihonda ni tambarare, haina miti ya maana, na upepo ukikoma joto hukaa chini kama maji kwenye beseni. Ukiinua macho unaiona milima yetu, ina mawingu yake kichwani, unajua kule watu wanajifunika mablanketi. Huku kuku walianza kuhema saa tano za asubuhi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa akishuka mara moja kwa wiki na ndizi na mboga. Yeye na mume wangu walitaniana sana, kama inavyofaa mashemeji. Siku hiyo aliingiza kichwa bandani, akakitoa haraka, akajipangusa jasho.

"Shemeji, hapa unafuga au unaoka?"

"Hawa wamezaliwa kwenye mashine," mume wangu akamjibu. "Hawajui baridi yenu."

"Basi watarudi kwenye mashine."

Wakacheka wote wawili. Lakini wiki iliyofuata kaka yangu hakuja na ndizi. Alikuja na mizigo sita ya nyasi za kuezekea, ndefu, safi, zile tunazokata kwenye miinuko na kuzikausha zikiwa zimesimama. Yeye na wapwa zake walikuwa wamezibeba kichwani hadi barabarani, wakazipakia kwenye lori la mtu. Alizishusha uani kwetu, akatoa panga, akaanza kuchonga fito. Alitaka kuziweka juu ya bati, unene wa shubiri mbili, zining'inie mpaka usawa wa waya. Kwetu mlimani kila nyumba ina banda la namna hiyo.

Mume wangu alitoka ndani, akamshukuru, akamkaribisha chai. Kisha akasema nyasi zina utitiri.

"Hizi nimezifukiza moshi mwenyewe," kaka yangu akasema.

Mume wangu akatabasamu, lakini nilimjua. "Shemeji, leo utaniezekea banda. Kesho utaniezekea nyumba. Keshokutwa utaniambia nilale upande gani wa kitanda."

"Nawaezekea kuku. Wewe unayo bati yako."

"Na kuku ni wangu."

Kaka yangu alirudisha panga kwenye ala. Alikunywa chai yote, akaomba maji, akaaga vizuri. Nyasi zilibaki nyuma ya choo.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia mkononi. Nilikuwa najua banda lile litawaua kuku. Nilikuwa pia nimefundishwa, na mimi nikafundisha wengine, kwamba mke hamkatishi mumewe mbele ya ndugu zake. Niliporudi chumbani baadaye nilimwambia kidogo. Akanijibu kuhusu utitiri. Nikanyamaza, nikaiita subira.

Basi nikaamua kuwaokoa kwa mikono yangu. Bibi mmoja jirani, Mluguru mwenzangu, aliniambia kuku akila hupata joto kutoka ndani, kama sisi tukishiba ugali. Kwa hiyo nikawa nawapa chakula mara tu baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijatoka. Ikifika saa mbili natoa vyombo vyote vya chakula, siwarudishii mpaka jua limeinama. Nilinunua vyungu vya maji kwa wafinyanzi, maana vyombo vya bati vilikuwa vinachemka. Nikavifukia nusu ardhini nje ya sakafu, upande wa kivuli, kuku wakawa wanatoa vichwa kwenye waya na kunywa. Maranda ya sakafuni nikayapunguza yabaki membamba. Magunia ya katani niliyalowesha, nikayatundika upande upepo unakotokea, na kila yakikauka nayalowesha tena. Bomba likitoa maji, nilipanda kwenye ngazi na kumwaga ndoo mbili tatu juu ya bati. Maji yalifuka mvuke kabla hayajafika chini.

Mwezi mzima hakufa hata mmoja. Mume wangu alianza kusema, "Unaona?" Nilisema naona. Mgongo ulikuwa unaniuma mpaka kurukuu ikawa mtihani.

Kisha Ramadhani ikaingia.

Mwezi ule mimi huupenda kuliko miezi yote, na sijaacha kuupenda. Lakini Ramadhani hubadilisha saa za nyumba. Niliamka kupika daku. Baada ya alfajiri wanawake walikuja barazani kwangu kwa darsa, tukasoma mpaka jua limepanda. Wakiondoka mimi nililala kidogo. Saa ya kuku ilikuwa imechukuliwa na darsa. Siku ya kwanza niliwapa chakula saa tatu. Siku zilizofuata ikawa saa nne, mwishowe saa tano. Nilijua haifai. Nikajiambia kazi ya Mwenyezi Mungu imetangulia, na Yeye atawatunza. Mume wangu wakati huo alikuwa msikitini au amelala, mambo ya chakula cha kuku aliniachia mimi.

Siku ya kumi au ya kumi na moja ya mfungo hapakuwa na upepo kabisa. Magunia niliyaloweka, nikamwaga chakula saa tano, wakakikimbilia kwa njaa. Nikaswali adhuhuri, nikajilaza. Kilichoniamsha ni ukimya. Banda lenye mitetea mia na zaidi halinyamazi mchana.

Walikuwa wamerundikana kwenye ukuta wa upande wa kivuli, mmoja juu ya mwingine, midomo wazi. Wa juu walikuwa bado wanahema. Wa chini walikuwa wameshakuwa laini. Magunia yalikuwa yamekauka kama kadibodi, na sasa yalikuwa yanazuia hata ile hewa kidogo. Niliyang'oa. Nilifungua mlango, nikawa nawatoa nje wawili wawili kwa miguu, nawaweka chini ya ukuta wa nyumba, nawamwagia maji ya kutawadhia, maana ndiyo maji tuliyokuwa nayo. Wengine walikufa mikononi mwangu nikiwa nawabeba.

Mume wangu alirudi kutoka msikitini akanikuta hivyo. Alichukua kisu, akaanza kuwachinja wale waliokuwa wanaelekea kufa, mmoja mmoja, akitaja jina la Mungu kila mara kwa sauti ile ile. Aliwahi kumi na wawili. Waliobaki hai na kusimama walikuwa kumi na tisa. Wengine wote walikuwa mizoga.

Tulikaa uani tukinyonyoa wale kumi na wawili ili tuwagawie majirani kwa futari. Alipompasua wa kwanza alishika gole, kile kifuko cha kooni, akalibonyeza. Lilikuwa limejaa, gumu. Akampasua wa pili, likawa hivyo hivyo. Alinitazama.

"Siku hizi wanakula saa ngapi?"

Nilikuwa nimefunga. Ulimi ulikuwa mkavu. Nilikuwa nimewasomesha wanawake asubuhi ile ile kuhusu mambo yanayoiondolea saumu thawabu, na uongo ni wa mwanzo katika hayo.

"Alfajiri," nikasema. "Kama siku zote."

Alikubali. Hakuwa mtu wa kumshuku mkewe. Aliinuka akaenda bandani, akainua mkono akaweka kiganja juu ya bati, akakiondoa upesi. Alisimama pale kwa muda akikitazama kiganja chake.

Watu wa mtaa walisema mizoga isifukiwe, mbwa wataifukua. Ichomwe. Kuni hazikuwepo za kutosha. Mume wangu alizunguka nyuma ya choo, akarudi na mzigo wa nyasi begani. Akarudi tena. Mizigo yote sita. Zilikuwa zimekauka vizuri, kaka yangu alijua kazi yake; ziliwaka kwa mshindo mmoja. Mume wangu alisimama karibu na moto ule mpaka nikamvuta nguo. Jua lilikuwa linazama na adhana ikaanza, tukafungulia maji pale pale uani, na moshi wa manyoya puani.

Kaka yangu alipopata habari alishuka siku iliyofuata. Alikuja kutupa pole tu, hakusema neno juu ya nyasi. Mume wangu ndiye aliyesema. Alimpa mkono, akaushika asiuachie.

"Shemeji, uliniletea uzima mpaka uani kwangu nikaukataa. Aliyewaua hawa ni mimi."

Kaka yangu akamwambia aache, joto ni la Mungu. Akamwambia shamba lipo, nyumba ipo, waje wote. Mume wangu akatikisa kichwa. Nilimwelewa. Kabla ya hapo alikuwa anakataa kwa kiburi, na kiburi kwa siku nyingi kingeweza kupungua. Sasa alikuwa anakataa kwa aibu. Alikuwa amejiona mwenyewe kuwa ndiye aliyeivunja nyumba yetu. Neno langu moja lingempunguzia nusu ya ule mzigo. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

Baada ya Idi nilipanda mlimani na watoto na kuku kumi na tisa kwenye matenga mawili. Yeye alitusindikiza mpaka mwisho wa barabara ya magari, akanibebea tenga moja mpaka kwenye kijito, akalitua. Akawaaga watoto mmoja mmoja. Kisha akashuka. Alikwenda upande wa pili wa milima, Kisaki, kwenye reli, akapata kazi ya kushusha mizigo na baadaye kibanda cha kukarabati baiskeli.

Kuku wale walianza kutaga kabla ya wiki tatu. Kule juu banda lilikuwa la nyasi na ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani. Nilimtumia mayai kwa mtu aliyekuwa anavuka kwenda Kisaki, yamefungwa kwenye pumba ndani ya kikapu. Aliyarudisha hayo hayo na salamu. Alisema anashukuru sana, lakini wale sasa ni kuku wa shemeji yake, na hana haki nao.

Watoto walimtembelea kila walipopata nafasi. Hakuoa tena, na mimi hakuniacha. Tulibaki hivyo, mke na mume wenye mlima katikati. Mara nyingi nilikusudia kwenda kumwambia. Kila mwaka nilikuwa na sababu: mvua, mavuno, wanafunzi wangu. Siku ile ya saumu yangu iliyoharibika nimeilipa kwa kufunga mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Kufunga ni kwepesi, nimezoea.

Mabanda ya Kihonda nayo hayakudumu. Mengi yaligeuzwa vyumba vya kupangisha, yakiwa na paa zile zile za chini. Yule bwana wa vifaranga aliacha kuuza vifaranga akaanza kuuza saruji.

Habari ya kifo cha mume wangu ilitufikia mapema, tukawahi mazishi. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha udongo. Nyuma palikuwa na banda dogo la kuku wa kienyeji, na paa lake lilikuwa la nyasi, nene, limeshuka chini mpaka ilibidi niiname kulitazama. Vyombo vya maji vilikuwa vyungu, vimefukiwa nusu ardhini upande wa kivuli. Jirani yake, mama wa makamo, aliniambia marehemu alikuwa hachoki kuwafundisha watu kuhusu joto. Aliwaambia kwamba aliwahi kuua kuku mia moja kwa ubishi wake, akaipoteza nyumba yake, na mkewe hakumlaumu hata siku moja.

"Alikuwa anakusifu sana, mama," akasema. "Alisema una subira."

Nilimwambia ahsante.

Sisi wanawake tulikaa ndani, na kabla ya jeneza kuinuliwa tulimsikia mzee mmoja nje akisema kama desturi yetu: kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze, warithi wapo hapa, na kama anaweza kusamehe asamehe. Hakujitokeza mtu. Hakuwa na deni la mtu. Yule mzee akauliza mara ya pili, kisha akaomba dua, wakamchukua.

Nilibaki nimekaa kwenye mkeka, nasubiri kama watauliza upande wa pili, ni nani ambaye marehemu anamdai. Hawaulizi. Nimesoma vitabu vya baba yangu vyote na nimehudhuria mazishi mengi, na nilikuwa najua tangu mwanzo kwamba hawaulizi.